Kuisoma Walawi: njia tano za kuelewa unajisi na sadaka za wanyama, na ipi ikufae

Sura ya 12 ya Walawi ina aya nane tu. Mwanamke amejifungua mtoto wa kiume: anakuwa najisi siku 7, mtoto anatahiriwa siku ya 8, kisha mama anakaa siku 33 nyingine bila kugusa kitu kitakatifu wala kuingia patakatifu. Akizaa binti, hesabu inakuwa maradufu, siku 14 kisha 66. Siku zikitimia analeta mwana-kondoo wa sadaka ya kuteketezwa, na kinda la njiwa au hua wa sadaka ya dhambi. Asiye na uwezo wa kondoo analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na Luka anataja sadaka hiyohiyo Mariamu na Yusufu walipokwenda hekaluni.

Sadaka ya dhambi, kwa dhambi ipi? Baraka ya kwanza ambayo Mungu anawatamkia wanadamu katika Mwanzo ni kwamba wazae na kuongezeka. Huyu mama ametimiza baraka hiyo, kisha anaambiwa ni najisi na alete ndege wa sadaka ya dhambi.

Swali lake ndilo ninalolitumia kupimia kila maelezo ya unajisi na kafara katika Torati. Maelezo ni mengi, na anayetaka kufundisha kitabu hiki, kukihubiri au kukielewa tu, inambidi achague lipi litangulie. Hapa nazipima tano: moja inayosikika sana makanisani kwetu, mbili za marabi wa zamani, na mbili za wasomi wa karne ya 20. Waraka kwa Waebrania, ulio katika Agano Jipya, nitaugusa pia, ingawa kwa maoni yangu una kazi tofauti.

Maelezo ya afya

Haya kila mtu ameyasikia. Nguruwe ana minyoo, mwenye ukoma alitengwa asiambukize wengine, mzazi alipumzishwa apate nguvu, maji ya kuoga yalizuia magonjwa. Yanavutia kwa sababu yanampa Mungu sura ya daktari aliyewatangulia madaktari wote. Hata Maimonides, mwanafalsafa na tabibu wa karne ya 12, alisema nyama ya nguruwe haifai kwa mwili.

Tatizo ni kwamba maandiko yenyewe yanayakataa. Fungua Walawi 14:36. Mtu ameona madoa ya ajabu kwenye ukuta wa nyumba yake, amemwita kuhani aje kukagua. Kabla kuhani hajaingia, anaagiza vitu vyote vitolewe nje, visije vikawa najisi pamoja na nyumba. Kama tatizo lingekuwa vijidudu, vyombo vile vingeshaambukizwa tangu wiki iliyopita, na kuvitoa nje kungeeneza ugonjwa mtaani. Lakini kwa Torati vyombo ni safi mpaka kuhani atakapotamka kwamba nyumba ni najisi. Rudi sura moja nyuma, 13:12-13: mgonjwa ambaye ugonjwa wa ngozi umemfunika mwili mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, akawa mweupe wote, kuhani anamtangaza kuwa safi. Ni pale nyama mbichi inapotokea ndipo anakuwa najisi. Hakuna daktari anayefanya kazi namna hiyo.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko hizo. Kinyesi hakimtii mtu unajisi katika Walawi. Jasho halimtii. Damu ya kidonda haimtii. Kumbukumbu la Torati inaagiza askari wafukie kinyesi nje ya kambi, ni kweli, lakini orodha ya Walawi ya vitu vinavyonajisi haina uchafu wa kawaida hata mmoja. Sheria za usafi wa mwili zisingeacha hayo. Na mama wa sura ya 12 hapati jibu lolote hapa, maana afya haielezi kwa nini alete njiwa.

Ninajua mahubiri haya yana wapenzi wengi, na nia yao ni njema. Ila yanamzuia msomaji asione kitu chenyewe kinachosemwa.

Marabi wawili waliobishana

Maimonides alizaliwa Córdoba na kufia Misri mwaka 1204. Kwake sadaka za wanyama zilikuwa njia ya Mungu ya kuwashika watu mkono kutoka walipokuwa. Waisraeli walitoka Misri, katika ulimwengu ambao ibada maana yake ilikuwa hekalu, madhabahu na moshi. Kuwaambia waache mara moja kungekuwa, anasema, sawa na nabii kuja leo na kuwaambia watu wasisali, wasifunge, wasimwombe Mungu wakati wa shida, bali wamtafakari tu. Wasingeweza. Basi Mungu akaliacha tendo na kulibadilisha mwelekeo: litolewe kwake, mahali pamoja tu, kwa mikono ya ukoo mmoja. Sala haikufungwa hivyo; mtu anaweza kuomba popote. Kwa Maimonides, kufungwa huko ni dalili kwamba kafara si lengo.

Njia hii ina msingi imara kwenye Walawi 17, ambako Waisraeli wanakatazwa kuchinja nje ya hema, na sababu inatajwa waziwazi: wasiendelee kutoa sadaka kwa mapepo ya nyikani waliyozoea kuyafuata. Inapatana pia na manabii, kama Hosea anayesema Mungu anataka rehema wala si sadaka. Kuhusu unajisi Maimonides ana wazo ambalo halinukuliwi sana: kwa kuwa vitu vya kumnajisi mtu ni vingi, na kutakasika kunachukua siku, watu hawangeweza kuingia hekaluni kila saa, na hivyo hofu takatifu ya mahali pale haingechakaa. Mama yetu, kwa maelezo haya, anazuiwa ili patakatifu pabaki patakatifu.

Nachmanides wa Girona, aliyezaliwa mwaka 1194, alikasirishwa na maelezo hayo, na hasira yake inaonekana kwenye maandishi. Habili alitoa mzao wa kwanza wa kondoo zake, Nuhu alijenga madhabahu baada ya gharika. Wakati huo ni waabudu sanamu gani walikuwepo duniani wa kuvunjiwa desturi zao? Kisha anatoa maelezo yake, na hapa naomba usome polepole. Mtu hutenda dhambi kwa tendo, kwa neno na kwa fikra. Basi anapoleta mnyama anamwekea mikono, hilo ni kwa ajili ya tendo. Anaungama kwa kinywa, hilo ni kwa ajili ya neno. Matumbo na figo vinachomwa, kwa kuwa ndivyo viungo vya fikra na tamaa. Miguu inachomwa, kwa kuwa ni mfano wa mikono na miguu ya mtu iliyofanya kazi ile. Damu inanyunyizwa madhabahuni badala ya damu yake mwenyewe. Kila hatua mwenye sadaka anaona kwamba ni yeye aliyestahili, kama si huruma ya Mungu kupokea mbadala.

Sijui maelezo mengine yanayoingia moyoni kama haya. Kwa mtu anayetaka kujua aliyeleta mnyama alipaswa kuhisi nini akiwa amesimama pale na mkono wake juu ya kichwa cha yule mbuzi, Nachmanides ndiye mwalimu. Lakini yanafanya kazi pale tu penye dhambi. Mama aliyejifungua hana tendo, neno wala fikra ya kuungama. Vivyo hivyo sadaka ya amani, ambayo sehemu yake kubwa ililiwa na aliyeileta pamoja na jamaa zake: mafuta yaliteketezwa, kidari na paja la kulia vikaenda kwa makuhani, nyama iliyobaki ikawa karamu. Sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ileile, isibaki hata kipande mpaka asubuhi, na kwa mnyama mzima hilo halikuwezekana bila kualika watu. Aliyekulia katika nyumba inayogawa nyama ya Idd kwa majirani ataelewa haraka kuliko aliyefundishwa kwamba kila sadaka ni adhabu iliyohamishwa.

Nikiwapima wawili hawa pamoja: Maimonides anaeleza kwa nini sadaka zilikuwepo na kwa nini ziliweza kukoma. Nachmanides anaeleza zilimfanyia nini aliyezitoa. Hakuna kati yao anayeeleza vizuri kwa nini damu ipakwe hapa na si pale.

Mary Douglas na mpangilio wa viumbe

Njia ya nne ilianzia karibu na kwetu. Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikaa na Walele wa Kasai, wakati huo Kongo ya Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1940 na tena mwaka 1953. Huko aliona jinsi kakakuona anavyoheshimiwa. Ana magamba kama samaki lakini anapanda miti, na anazaa mtoto mmoja kama binadamu. Mnyama asiyeingia kwenye fungu lolote alikuwa na nguvu ya pekee, na waliomla ni watu walioingizwa katika chama chake tu.

Mwaka 1966 Douglas akaileta hoja hiyo kwenye Walawi 11. Majini, kiumbe kamili ana mapezi na magamba. Nchi kavu, ana kwato zilizopasuka na anacheua. Ngamia anacheua bila kwato zilizopasuka. Nguruwe ana kwato lakini hacheui. Kosa lao si minyoo. Hawaingii kwenye fungu. Unajisi, kwa maneno mengine, ni kitu kilichotoka mahali pake, na utakatifu ni ukamilifu: ndiyo maana mnyama wa sadaka hatakiwi kuwa kipofu wala kilema.

Kwa sura ya 11 maelezo haya yalibadilisha usomaji wa wengi, na bado yanafundishwa. Mimi ningeyatumia kwa tahadhari. Tai ni ndege kamili, ana mabawa na anaruka, mbona ni najisi? Douglas mwenyewe baadaye aliyaacha. Katika kazi zake za miaka ya 1990 alisema Mungu wa Torati, mwenye huruma kwa alivyoviumba, hawezi kuwa amewafanya wanyama wake kuwa chukizo. Katazo la kuwala na kugusa mizoga yao linawalinda. Anayetaja maelezo ya 1966 bila kutaja mabadiliko hayo anamtendea isivyo haki. Na kwa mama wa sura ya 12 mpangilio wa viumbe hausaidii sana, maana mwanamke anayezaa hajatoka mahali pake.

Jacob Milgrom: fuata damu inakokwenda

Hii ndiyo njia ninayoiona ina nguvu kuliko nyingine. Milgrom (1923–2010) alikuwa rabi na mwalimu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ufafanuzi wake wa Walawi ulitoka katika majuzuu matatu kati ya 1991 na 2001. Hoja yake inaanza na swali ambalo mtu yeyote mwenye Biblia mkononi anaweza kulifuatilia: katika sadaka ya dhambi, kuhani anaipaka wapi damu?

Fungua Walawi 4. Mtu wa kawaida akikosa bila kukusudia analeta mbuzi jike au kondoo jike, na damu inapakwa kwenye pembe za madhabahu ya nje. Mtawala analeta mbuzi dume. Damu ni palepale nje. Kuhani mkuu akikosa, au taifa zima, ni fahali, na damu inaingizwa ndani ya hema, inanyunyizwa mara 7 mbele ya pazia na kupakwa kwenye pembe za madhabahu ya uvumba. Kisha sura ya 16, Siku ya Upatanisho, siku ya 10 ya mwezi wa 7: mara moja kwa mwaka damu inapita nyuma ya pazia hadi kwenye kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano. Katika sadaka hii damu haipakwi juu ya mkosaji hata mara moja. Inapakwa juu ya nyumba ya Mungu.

Milgrom anahitimisha kwamba unajisi na dhambi za watu zinachafua patakatifu kwa mbali, na kadiri kosa lilivyo zito ndivyo uchafu unavyopenya ndani zaidi. Damu, iliyobeba uhai, ndiyo inayousafisha. Ikiachwa bila kusafishwa, Mungu hatakaa tena kati ya watu wake. Walawi 16:16 inasema wazi kwamba kuhani anafanya upatanisho kwa ajili ya mahali patakatifu, kwa sababu ya mambo machafu ya wana wa Israeli na makosa yao. Siku hiyohiyo kuna mbuzi wa pili, anayeitwa wa Azazeli, na huyo ndiye anayebebeshwa maovu ya watu na kupelekwa nyikani.

Na unajisi wenyewe ni nini? Milgrom anatazama vyanzo vyake vikubwa: maiti, ugonjwa wa ngozi unaomfanya mtu aonekane kama anaoza, na vitu vinavyotoka katika viungo vya uzazi. Vyote vinaelekea mautini, au ni uhai unaopotea. Ndiyo sababu damu ya kidonda haihesabiwi lakini ya hedhi na ya uzazi inahesabiwa. Mungu ni uhai, na chochote kinachobeba dalili ya mauti hakisogezwi kwake.

Sasa mama yetu anaeleweka. Hakutenda dhambi. Alipoteza damu, alisimama karibu na mpaka wa uhai na kifo kuliko mtu mwingine yeyote kijijini, na ndege anayemleta anaondoa athari ya hilo patakatifuni. Kazi ya sadaka hiyo hapa ni utakaso, na kuiita ya dhambi kunapotosha wasomaji wengi. Jonathan Klawans, mwaka 2000, alifafanua vizuri jambo linalokwenda sambamba: unajisi wa Torati ni wa aina mbili. Kuna huu wa kuzaa, kuzika, hedhi na ndoa, ambao haukwepeki, si dhambi, unaambukiza kwa kugusa na unaisha kwa maji na siku. Na kuna wa kuabudu sanamu, uzinzi na kumwaga damu, ambao hauambukizi kwa kugusa, lakini unainajisi nchi hadi inawatapika wakazi wake. Muislamu anayejua kwamba mwenye hedhi au janaba hana dhambi ila ana jambo la kutimiza kabla ya sala, tayari ana nusu ya ufafanuzi huu.

Njia ya Milgrom ina nyufa zake. Kwa nini binti aongeze siku maradufu? Hakuna jibu linaloridhisha, hapa wala kwingine. Na mwanafunzi wake mwenyewe, Roy Gane, msomi wa Kiadventista, alipinga sehemu muhimu mwaka 2005: kwenye Walawi 12 andiko linasema mama ndiye atakayetakasika, na kwenye sura ya 4 mkosaji ndiye atakayesamehewa. Kwa Gane, sadaka za mwaka mzima zinamwondolea mtu, na Siku ya Upatanisho ndiyo inayosafisha patakatifu. Naona Gane ana haki katika hilo. Lakini pingamizi lake halivunji hoja kubwa kwamba unajisi ni mauti na damu ni uhai.

Kipimo cha mwisho: ng'ombe mwekundu

Hesabu 19 ni sura iliyowashinda wengi. Ng'ombe jike mwekundu asiye na ila, asiyewahi kufungwa nira, anachomwa nje ya kambi pamoja na mti wa mwerezi, hisopo na uzi mwekundu. Majivu yake yakichanganywa na maji hai, yaani yanayotiririka, yanamtakasa aliyegusa maiti, siku ya 3 na ya 7. Lakini kuhani anayesimamia, anayemchoma na anayekusanya majivu, wote wanakuwa najisi mpaka jioni. Kinachomsafisha mchafu kinamchafua msafi.

Maelezo ya afya yananyamaza hapa. Mapokeo ya marabi yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai, aliyeishi wakati hekalu lilipobomolewa mwaka 70, aliwaambia wanafunzi wake: maiti haimtii mtu unajisi wala maji hayamtakasi, ila ni amri ya Mfalme wa wafalme. Kuna wakati jibu hilo ndilo la kweli zaidi. Milgrom anajaribu kwenda hatua moja mbele: Hesabu inamwita ng'ombe huyu sadaka ya dhambi, na kama kitambaa cha kupangusia, kinachoondoa uchafu kinaubeba. Anayempeleka mbuzi wa Azazeli naye anaoga kabla ya kurudi kambini, kwa sababu hiyohiyo. (Waislamu wasimchanganye na ng'ombe wa manjano wa Surat al-Baqara, kisa kile, chenye mtu aliyeuawa, kinakaribiana zaidi na Kumbukumbu la Torati 21.)

Basi uchague ipi

Kama unahubiri Waebrania, unalazimika kuanza na Walawi kwa ajili ya Walawi. Waraka ule unasema haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi, na karibu vitu vyote husafishwa kwa damu. Neno "karibu" halikuwekwa bure, maana maskini kabisa aliruhusiwa kuleta unga kidogo, sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha nafaka), bila mafuta wala ubani. Mwandishi wa Waebrania anatazama nyuma kutoka kwa Kristo na anachagua anachokihitaji: Siku ya Upatanisho, damu ya agano, majivu ya ng'ombe. Karamu ya sadaka ya amani haiko katikati ya hoja yake, na mama wa sura ya 12 hayumo. Ukimtumia mwandishi huyo peke yake kama mlango wa Torati utapata msalaba, ambao Mkristo anautaka, lakini hutapata Torati.

Anayesumbuliwa na kuchinjwa kwa wanyama wengi namna ile aanze na Maimonides. Anayeandaa ibada ya toba au anayetaka kusali kwa kutumia sura hizi, Nachmanides. Mwanafunzi wa chuo cha biblia au mwalimu wa darasa la watu wazima asiruke Milgrom, na baada yake asome Gane. Douglas ni wa lazima kwa anayefundisha sura ya 11, mradi amsome wa 1966 na wa baadaye. Maelezo ya afya ningeyaweka kando kabisa.

Na kwa kikundi kinachosoma pamoja, usianzie sura ya 1. Anzeni na 15, ambako mwanamume na mwanamke wote ni najisi kwa zamu na hakuna anayelaumiwa. Kisha 4, mkifuata damu kwa kidole kutoka madhabahu ya nje hadi mbele ya pazia. Kisha 16 na 17. Baada ya hapo sura za 1 hadi 3 na ya 7 zinasomeka kwa urahisi. Sura ya 11 iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo yenye mabishano mengi mezani na ndiyo inayogusa sadaka kwa uchache zaidi.